Nani Anamgeuza Usiku?

Makala ya Gerry Mshana na wenzake kuhusu kiharusi niliisoma mara ya kwanza kwenye simu, nimekalia ndoo iliyopinduliwa pembeni ya kitanda cha babu, Kalangalala, mjini Geita. Umeme ulikuwa umekatika. Mimi nilikuwa natafuta mada ya tasnifu. Mama mkubwa alikuwa anatafuta upande wa godoro ambao haujalowa.

Makala ilichapishwa mwaka 2008 katika Journal of Biosocial Science, sambamba na mradi mkubwa uliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi jijini Dar es Salaam na wilayani Hai kati ya 2003 na 2006. Walihojiwa watu 80: wagonjwa 20, ndugu zao 20, waganga wa kienyeji 10 na wakazi wengine 30. Kilichopatikana kinawaumbua wanaodhani uchawi makazi yake ni kijijini. Dar es Salaam ndiko watu walikotaja majini na kurogwa, wakakimbilia kwa mganga. Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo, wakaanza na hospitali.

Naipenda makala hii kwa sababu haimcheki mtu. Inaonyesha kwamba anayeikwepa hospitali ana hoja yake: kama ugonjwa ni jini, daktari atalifanya nini? Inaonyesha pia kwamba imani kuhusu chanzo cha ugonjwa iliamua njia ya tiba kuliko hata gharama, na sisi wa vyuoni tuna haraka sana ya kusingizia gharama. Halafu inakiri kwamba kote kuwili watu walichanganya tiba. Hapo nikacheka. Babu anameza vidonge vya presha asubuhi, jioni anachuliwa mafuta na mzee wa mtaa wa pili. Dar es Salaam na Hai zinalala chumba kimoja.

Ugomvi wangu uko kwa wale ndugu 20. Wamo kama mashahidi: wanaeleza walidhani ni nini na walimpeleka wapi mgonjwa. Ukiwatafuta kama watu ambao kiharusi kimewapata wao pia, wanafifia.

Takwimu nazo haziwaoni. Ufuatiliaji wa wagonjwa wa Hai ulionyesha kwamba karibu robo yao walifariki ndani ya siku 28, na hadi kufika miaka mitatu, 6 kati ya 10. Ni kazi ya heshima, maana kumfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake miaka yote hiyo si mchezo. Lakini kati ya waliobaki na walioondoka, nani alikuwa na mtu wa kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda, na nani hakuwa naye?

Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965 na kinachotumika mpaka leo katika tafiti za kiharusi, kinauliza mambo 10: kula, kuoga, kuvaa, kwenda choo, hata kupanda ngazi. (Ngazi! Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kiko uani.) Kinataka kujua kama mgonjwa anafanya mwenyewe au anasaidiwa. Neno “anasaidiwa” limebeba mtu mzima ndani yake, na mtu huyo hapewi alama yoyote. Kwetu ni mwanamke wa miaka 58 aliyefunga genge lake la dagaa na ambaye sasa mgongo unamuuma. Mwanawe yuko kwenye karasha, hutuma hela siku mawe yakikubali.

Usiku ule nilimsimulia mama mkubwa habari za majini ya Dar es Salaam. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Na wanasema nani anamgeuza usiku?”

Nikarudi juu, nikashuka tena kwa kidole. Chaji ilikuwa imebaki asilimia 4.

“Sijaona, mama.”

“Haya, weka simu. Shika miguu.”