Tuta la Kitengela Limenyamaza: Shokomzoba za KYB Excel-G Kwenye WRX ya 2001

Limenyamaza! Lile tuta la karibu na soko la Kitengela, ambalo kwa mwaka mzima limekuwa likinipigia ngoma chini ya kiti, Jumamosi hii nimelipita na sikusikia kitu. Gari lilipanda, likashuka, likatulia. Mara moja, basi. Nikageuza mbele kidogo, nikarudi kulipita tena. Kimya. Nikalipita mara ya tatu, na mama muuza matikiti aliyeketi kando ya barabara akaninyooshea mkono kunisalimu, maana sasa tulikuwa tumeshazoeana.

Kilicholeta kimya hicho ni shokomzoba nne mpya za KYB, aina ya Excel-G, zilizofungwa Ijumaa jioni kwenye Subaru Impreza WRX ya mwaka 2001. Bei ya zote nne haikufika nusu ya ile niliyotajiwa kwa seti moja ya koilova. Nimeziendesha siku moja tu, Kitengela hadi Kajiado na kurudi, na siwezi kungoja mwezi upite ndipo niandike. Kipya kinyemi, walisema wahenga, na mimi unyemi huu nataka tuugawane ukiwa bado moto.

Wapenzi wa gari hili hawahitaji kuelezwa mengi. Injini ya boksa ya lita 2 yenye turbo, nguvu inayokwenda kwenye magurudumu yote manne, taa za mbele za mviringo zilizowagawanya watu lilipotoka. Kwangu hakuna uso wa gari mzuri kuliko huo. Lakini ni gari la zaidi ya miaka 20 sasa. Mlio upo, mbio zipo, miguu ndiyo imechoka. Na hapa ndipo wenye magari haya tunapopotoka: pesa zinakwenda kwenye egzosti, kwenye rimu, kwenye turbo, huku chini shokomzoba zimekufa siku nyingi.

Zangu zilikuwa zimekufa na sikujua, kwa sababu huwa zinakufa polepole na dereva anazizoea. Fundi ndiye aliyenifumbua macho. Aliweka mikono miwili kwenye kona ya nyuma, akalibonyeza gari kwa uzito wake wote, akaliachia. Likapanda, likashuka, likapanda tena, likashuka tena.

"Umeona, boss? Zikiwa nzima linapanda mara moja na kutulia. Hapa sasa unaendesha kitanda cha springi."

Kisha akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, akaushika mkono wangu na kunipitishia mimi pia. Mpira ulikuwa na mabonde mabonde, kama barabara ya vijijini. Akamulika tochi ndani ya tao la gurudumu: mwili wa shokomzoba ulikuwa umevuja mafuta, na vumbi la Kitengela limeganda juu yake kama matope. Ushahidi gani tena?

Tuelewane kazi ya kifaa hiki, maana chaguo lote linatoka hapo. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokomzoba kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya shimo. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo ya vali, na ile nguvu ya kurukaruka inageuka kuwa joto. Ikichakaa, tairi halikai chini. Tairi lisilogusa lami halifungi breki, halikati kona, na hizo nguvu za turbo zinaishia hewani.

Nilikuwa na njia tatu mbele yangu, na bajeti ya shilingi 50,000 kwa kila kitu, pamoja na mkono wa fundi.

Ya kwanza ni za mtumba, zile zinazoitwa ex-Japan. Ni rahisi kuzipata Kirinyaga Road jijini, mahali ambapo wazee wa spea bado wanapaita Grogan. Bei yake inavutia. Lakini shokomzoba ya WRX ya 2001 iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani ina umri uleule wa ile unayoitoa! Niliwahi kununua jozi ya namna hiyo kwenye duka moja, zikang'aa vizuri kwa wiki chache, kisha moja ikaanza kulia machozi ya mafuta. Sirudii.

Ya pili ni koilova, zile za kushusha na kupandisha gari kwa kuzungusha nati. Ni nzuri kwa macho na tamu kwenye lami laini. Ila bei yake ni ya kiungo cha mashindano, na nyingi hununuliwa ili gari likae chini. Chini! Kwenye mji wenye matuta kama haya, na udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka barabara inakuwa mawimbi!

Ya tatu ndiyo niliyoichagua: mpya, za kawaida, za kimo kilekile cha kiwandani.

Kilichonishawishi zaidi ni historia ya kaunti hii yenyewe. Safari Rally ilipokuwa ikipita huku kwetu, Kajiado na Oltepesi zilikuwa miongoni mwa hatua zilizowatoa madereva jasho. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa Impreza pia. Kabla yao, mwaka 1994, Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Impreza iliyokaribiana sana na ile inayouzwa dukani. Magari ya Safari yalijulikana kwa jambo moja: yalipandishwa juu na kupewa miguu ya safari ndefu. Ikiwa mainjinia wenye fedha zote za timu walipofika Kajiado waliinua gari, mimi wa Kitengela nalishusha kwa sababu gani?

Sasa kuhusu KYB. Herufi hizo ni Kayaba, jina la Shiro Kayaba, Mjapani aliyeanzisha shughuli zake mwaka 1919. Kampuni hiyo hutengenezea viwanda vya magari vya Japani shokomzoba zinazotoka na gari jipya. Excel-G imekusudiwa kurudisha gari lilivyokuwa likitoka kiwandani. Ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na gesi ya nitrojeni yenye mgandamizo mdogo. Gesi hiyo inayakandamiza mafuta yasitoke povu yanapotikiswa kwa kasi, kwa sababu povu halina nguvu ya kuzuia kitu.

Na mirija miwili ina faida ambayo watu wa lami hawaioni. Ile aina ya mrija mmoja hupoa haraka na hupendwa kwenye mbio, lakini jiwe likiubonyeza mrija wake, pistoni inakwama papo hapo. Kwenye mirija miwili, jiwe linabonyeza ganda la nje na pistoni inaendelea na kazi ndani. Ukiwa unaishi mahali ambapo ukiacha lami tu umeingia kwenye murram, hilo ni jambo kubwa sana.

Kuzinunua kunataka macho. Usimwambie muuzaji "Impreza" ukanyamaza. Fungua boneti, soma kibao cha chesisi: GDA ni WRX ya sedani, GGA ni ya stesheni wagoni, na Impreza ya kawaida isiyo na turbo ina yake. Mbele kuna ya kushoto na ya kulia, na haziingiliani. Linganisha namba ya kwenye boksi na namba iliyo kwenye mwili wa shokomzoba yenyewe. Dai risiti yenye namba hiyo. Tuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia iliyotokana na sheria ya 2008, lakini ukienda kulalamika bila karatasi utasema nini?

Ah, kuzifungua! Boksi likapasuliwa juu ya boneti, na ndani kikatoka kitu cheusi, kizito, kinachonukia rangi mpya. Fito ya chuma cha kromu ilikuwa imeshindiliwa ndani na kufungwa mkanda. Fundi akaishika wima, akaukata mkanda kwa kisu. Fito ikaanza kupanda yenyewe. Taratibu, bila sauti, bila kukwama, mpaka juu kabisa. Hiyo ndiyo gesi ikisukuma. Tuliiweka kando ya ile ya zamani: ukiishindilia ya zamani inabaki chini, imelala, haina habari. Sikuhitaji kipimo kingine.

Kazi ilichukua alasiri yote, na naisifu kwa sababu ilifanywa kwa adabu. Kabla ya kufungua chochote, fundi alichora alama kwa rangi nyeupe kwenye boliti ya juu ya mbele, ile yenye kichwa cha kuchezesha pembe ya gurudumu, ili irudi ilipokuwa. Aliachia hosi ya breki na waya wa ABS kwanza visije vikavutika. Springi aliibana kwa klampu mbili sawasawa kabla ya kugusa nati ya katikati, kwa sababu springi iliyofunguliwa bila klampu inaweza kuua mtu. Na alipohitaji kuizuia fito isizunguke, hakuishika kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye ile kromu unachana sili, na mafuta yanaanza kutoka siku hiyohiyo.

Tulibadilisha pia mauntingi za juu, raba za kituo na buti za vumbi. Msifanye ubahili hapo! Nusu ya makelele niliyoyalaumu kwenye shokomzoba yalikuwa ya mauntingi zilizopasuka. Asubuhi yake gari likapigwa alaimenti kabla ya kwenda popote. Bajeti ilitosha, na mafuta ya safari yakapatikana humo humo.

Basi Jumamosi nikashika barabara ya Namanga. Kitengela hadi Kajiado ni kama kilomita 50, na kila kilomita ina mtihani wake. Kwanza matuta na bodaboda za mjini. Kisha Kisaju, uwanda unafunguka, upepo unalipiga gari ubavuni, malori ya Tanzania yanapita upande wa pili na kukuachia kishindo cha hewa. Zamani kishindo hicho kilinifanya nishike usukani kwa mikono miwili na kuacha kuongea. Jumamosi gari liliyumba kidogo, likarudi lenyewe kwenye mstari. Nilikuwa nikiimba!

Karibu na Isinya, nikiwa kwenye 90, ng'ombe wakaanza kuvuka na kijana wao nyuma na fimbo. Nikakanyaga breki. Pua ikainama kidogo na kukaa pale pale mpaka tulipotulia. Hakuna kupiga mbizi, hakuna mkia kuinuka. Yule kijana akavusha ng'ombe wake wote bila haraka, nami nikabaki nimeketi pale nikitabasamu peke yangu.

Baada ya Isinya kuna sehemu lami imefanya mawimbi. Hapo ndipo WRX yangu ilikuwa inaelea kama mtumbwi, wimbi la pili likilikuta bado linahangaika na la kwanza. Sasa kila wimbi linamalizwa kivyake. Unapanda, unashuka, umemaliza, unangoja lingine. Ni gari lile lile, springi zile zile, tairi zile zile!

Kabla ya kuingia Kajiado nikaacha lami makusudi, nikashika murram yenye mistari kama mabati. Kilomita nne hivi. Kisha nikasimama, nikachutama kando ya gurudumu, nikapeleka mgongo wa kiganja kwenye mwili wa shokomzoba. Moto! Nikazunguka zote nne, na zote zilikuwa na joto linalolingana. Hilo ndilo jibu nililolifuata Kajiado. Joto maana yake kifaa kinafanya kazi, kinaipokea ile mitikisiko na kuila. Ukitoka barabara mbaya ukaikuta moja baridi wakati wenzake wana moto, hiyo imekufa, hata kama inang'aa.

Nisiwafiche mipaka yake. Huwezi kuzirekebisha ziwe ngumu au laini. Kwenye kona ya kasi gari bado linalala kidogo, kama lilivyolala likiwa jipya, na mwenye nia ya kwenda kushindana atahitaji kitu kigumu zaidi. Wala hazitaponya bushi zilizokufa au bolijointi zilizolegea. Pia nimezitumia siku moja, kwa hiyo habari ya miaka mitatu ijayo itaandikwa miaka mitatu ijayo.

Lakini kwa WRX ya umri huu, inayolala Kitengela na kutembea Kajiado, kwa mtu anayehesabu shilingi zake, hukumu yangu ni hii: nunua mpya za kiwango cha kiwandani, nunua nne kwa pamoja, badilisha mauntingi, piga alaimenti, na liache gari kwenye kimo chake. Rimu zinaweza kungoja. Egzosti inaweza kungoja.

Na wewe mwenye gari la zamani unalolipenda, kesho asubuhi kabla hujaliwasha, libonyeze kwenye kona moja uliachie. Hesabu linavyoruka. Likiruka zaidi ya mara moja, mpigie fundi wako.