‘Kuunganisha uzi’: tafsiri iliyofuata jina ikasahau kazi

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alinijia Kangemi na kipakatalishi chake, akakiweka mezani kando ya chai, akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

“Mjomba, hii kitu inanizungusha tangu jana. Naianzisha, inaisha. Haisemi chochote.”

Kijana huyu anasomea uandishi wa programu katika chuo kimoja katikati ya jiji. Usiku hujisomea lugha ya C kwa mwongozo wa Kiswahili ulioandaliwa na kikundi kidogo cha wapenzi wa lugha. Mwongozo huo naujua vyema. Mimi ndiye niliyeukagua kwa upande wa Kiswahili, na jina langu limo katika ukurasa wa shukrani. Hivyo basi, uhakiki huu unanigusa mwenyewe.

Sura iliyomsumbua ni ile ya nyuzi. Uzi ni mkondo wa utendaji ndani ya programu. Programu moja yaweza kuwa na nyuzi kadhaa zinazoendelea kwa pamoja huku zikitumia kumbukumbu ile ile. Katika C, kazi hii aghalabu hufanywa kwa Pthreads, utaratibu uliosanifishwa mwaka 1995. Uzi huanzishwa kwa kuita pthread_create na kuipa vitu vinne: mahali pa kuweka kitambulisho cha uzi, sifa zake, funksheni itakayotekelezwa, na data ya kuipelekea funksheni hiyo.

Kuhusu neno uzi lenyewe sina ugomvi. Wapo wanaolikataa kwa kuwa nyuzi tayari ni vipimo vya joto na pembe, na mashabiki wa kandanda huita jezi uzi. Tanzania nako, uzi ni mfululizo wa mazungumzo mtandaoni. Lakini muktadha huamua, nalo neno linatii ngeli ya U-ZI bila kusumbua mtu: uzi umeanza, nyuzi zimeanza. Anayetaka thredi aseme thredi. Tumeishi na tarakilishi na kompyuta miaka mingi na hakuna aliyekufa.

Balaa limo katika vitenzi. Mwongozo unatafsiri pthread_join kuwa “kuunganisha uzi”. Nilipoukagua niliona ngeli iko sawa, kitenzi ni sanifu, nikaweka tiki. Sikuuliza kinafanya nini.

Mpwa wangu alikuwa ameandika nyuzi tatu, kila mmoja ukihesabu maneno katika faili yake. Nikamuuliza mbona hakuunganisha.

“Lakini mjomba, hizi zangu haziungani. Kila moja iko na kazi yake. Niunganishe na nini?”

Hoja yake ilikuwa timamu kabisa. Kwa Kiswahili tulichompa, hakukuwa na cha kuunganisha. Ukweli ni kwamba pthread_join haiungi chochote. Humfanya aliyeiita angoje hadi uzi aliotaja umalize kazi, kisha apokee matokeo yake, ikiwa anayataka. Kwa kuwa kijana hakungoja, funksheni kuu, main, ilifika mwisho wake na kurudi. Nayo main ikirudi, programu nzima hufungwa pamoja na nyuzi zote zilizo njiani. Ndiyo maana skrini ilibaki tupu.

Nikamwambia awaze matatu za Kangemi pale Westlands. Dereva amemtuma makanga kutafuta chenji. Akiondoka kabla makanga hajarudi, pesa zimepotea. Kungoja si kuungana.

“Aah! Si mngesema tu hivyo?” Akaandika mistari mitatu ya pthread_join kabla ya main kurudi. Hesabu zikatoka.

Baada ya hapo nilirudi kuusoma mwongozo kwa jicho jingine. Kwa pthread_detach tuliandika “kubandua uzi”, kana kwamba ni stempu. Maana yake ni kwamba hakuna atakayeungoja uzi huo. Ukimaliza, rasilimali zake zitarejeshwa zenyewe. Kuachilia kungetosha. Mutex tumeiita “kitengano cha pamoja”, maneno ambayo hata mimi niliyeyapitisha siwezi kuyafafanua. Kufuli, basi. Uzi mmoja ukiwa umelifunga, mwingine unaotaka kulifunga husubiri mlangoni.

Lakini baya kuliko yote ni “hali ya mbio”. Msomaji atadhani ni sifa ya kasi, na kila kijana anataka programu yenye kasi! Kinachoelezwa ni manamba wawili walioona kiti kimoja kitupu, kila mmoja akamwita abiria wake. Ndivyo nyuzi mbili zinavyoweza kusoma 10 katika kihesabio kimoja, kila moja ikajumlisha 1, kila moja ikaandika 11. Ongezeko moja limepotea, na kesho ukiijaribu programu ile ile huenda ikakupa 12. Huko ni kugombania, na dawa yake ni lile kufuli tuliloliita kitengano.

Nimewaandikia wenzangu nikipendekeza kungoja, kuachilia, kufuli na kugombania. Mmoja amepinga: wanafunzi hufanya mitihani kwa Kiingereza, kwa hivyo tafsiri iwe karibu na jina wanalolikuta huko. Hoja hiyo ina uzito. Nimemjibu kwamba jina halipotei, kwani pthread_join itabaki vile vile ndani ya programu, iwe mwandishi anawaza kwa Kiingereza au kwa Sheng. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo yake.

Bado hatujaafikiana. Kwa sasa nimeomba sura hiyo iondolewe katika nakala mpya hadi irekebishwe, na jina langu libaki pale pale kwenye shukrani.