Brashi Isiyo na Chuma

Doa huanza dogo, kama punje ya ulezi. Karatasi imepakwa gizani, imekauka, bado ni ya manjano; lakini pembeni, pale mkanda wa brashi ulipogusa, buluu imeshachomoza kabla ya jua. Mchapa picha mzoefu hahitaji kuulizia kosa liko wapi. Amechukua brashi ya rangi za mafuta, yenye mkanda wa bati ulioshika kutu.

Sayanotaipu, njia hii ya kuchapa picha kwa buluu, ilibuniwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1842. Chumvi mbili zenye chuma ndani yake huchanganywa majini, hupakwa kwenye karatasi, kisha mwanga huzigeuza kuwa buluu isiyotoka kwa kuoshwa. Mkanda uliochubuka nao ni chuma. Hufanya kazi ya jua bila kungoja jua.

Mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kutoa kitabu chake cha mwani kwa njia hiyohiyo, bila kamera: mmea juu ya karatasi, basi. Kwa kazi ya namna hiyo Kifungilo, kule Lushoto nchini Tanzania, ni mahali pa kutamanisha, maana misitu ya Usambara haipungukiwi kangaga, na jani la kangaga hulala bapa kama limepigwa pasi. Lile ua la Usambara ambalo mbegu zake Walter von Saint Paul-Illaire alizipeleka Ujerumani mwaka 1892, na ambalo leo hupamba madirisha ya nchi nyingi, halifai sana. Jani lake nene lenye vinyweleo huinuka, na kingo za picha hufifia.

Brashi, basi. Wengi husifu hake ya Kijapani: pana kama kiganja, nywele za mbuzi zilizoshikwa kwa uzi kwenye mpini wa mbao, chuma hakuna. Sifa hizo ni za haki, ila hake ina uchoyo. Karatasi ya A4 hutaka kama mililita 2 tu za dawa, zilizopimwa kwa bomba la sindano, na hake kavu huweza kunywa nusu yake. Dawa ya uchoyo huo ni kuilowesha kwanza kwa maji safi na kuikamua. Halafu hake hupukutisha nywele. (Mbuzi wapo tele Lushoto, lakini mbuzi wa kienyeji ana nywele fupi, hake haitoki kwake.) Mkonge wa kule chini Korogwe nao hupaka chokaa ukutani vizuri sana, juu ya karatasi huacha mifereji kama jembe.

Inayofaa zaidi milimani ni ya kujitengenezea, ile inayobeba jina la Samuel Buckle, mpiga picha wa Kiingereza wa karne ya 19. Bomba la kioo, uzi uliokunjwa kitanzi, donge la pamba ya duka la dawa. Uzi huivuta pamba mpaka nusu yake imeingia, na iliyobaki nje ndiyo brashi. Hupitishwa wima, kisha mlalo, kwa mkono mwepesi, na huachwa kabla nyuzi za karatasi hazijaanza kuamka. Siku ya ukungu karatasi hukawia kukauka na dawa huzidi kuzama, kwa hiyo mkono haupaswi kurudiarudia.

Karatasi ikishatundikwa gizani, pamba iliyogeuka njano hutupwa. Donge jipya huvutwa kwenye bomba.