Heko kwa Wakaguzi wa Mbegu za Viazi

Gunia la viazi mviringo likiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo halimtishi mtu. Likiishia kwa mkaanga chipsi, sawa. Likienda shambani kama mbegu, mambo ni mengine: mnyauko bakteria hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima, kisha hukaa udongoni kwa miaka.

Ndiyo maana mkaguzi wa mbegu anastahili heko. Akikuta mmea umenyauka ilhali udongo una unyevu, hukata shina karibu na mzizi na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Dakika chache zikipita, uzi mweupe kama maziwa hushuka kutoka kwenye mkato. Ugonjwa umejitaja. Shamba hilo halifai kutoa mbegu, hata mwenyewe anung'unike vipi.

Ukaguzi wa mbegu ni jukumu la TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu Tanzania, chini ya Sheria ya Mbegu ya 2003. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ikaanzisha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye makao makuu Arusha.

Na ukaguzi wa ndani una maana, kwa kuwa si lazima adui wa mimea avuke mpaka wa nchi. Musizi, mti ambao kwao ni pamoja na Kagera, ulipandwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20; leo umetapakaa ndani ya msitu wa asili wa Usambara Mashariki, na kuung'oa wote hakuwezekani.

Anayenunua mbegu ya viazi Lushoto aombe kuona lebo ya TOSCI kabla ya kulipa.