Weusi wa Udongo Usikuhadae

Anayetafuta shamba la kukodi Usukumani kwa kawaida hutazama rangi kwanza. Akiona weusi, anatoa fedha. Rangi ni shahidi dhaifu. Ningemtaka aanzie juu, kwenye miamba ya itale, ashuke polepole hadi bondeni, akichimba kila udongo unapobadilika. Wakulima wa huko wana jina la kila hatua: luseni, kichanga chepesi cha juu; itogolo, wenye tabaka gumu chini; ibambasi, mgumu zaidi na wenye magadi; kisha mbuga, mfinyanzi mweusi wa bondeni. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliueleza kisayansi mfuatano wa namna hii katika miaka ya 1930.

Weusi wa mbuga hautokani na wingi wa mboji. Mbuga ina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha na hushika maji muda mrefu, ndiyo maana dengu hupandwa humo mvua zikielekea kuisha na hukomaa kwa unyevu uliobaki. Lakini naitrojeni yake mara nyingi ni haba, kiangazi hupasuka nyufa pana, na masika hunata hata jembe likashindwa. Kwa mpunga ni hazina. Kwa karanga, nipe luseni.

Chimba shimo la kina cha goti, utazame mizizi. Ikiwa imeshuka ilivyotaka, vizuri. Ikiwa imepinda kwenda kando, imegonga tabaka gumu. Lowesha udongo kiganjani, ukande, kisha uusukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Usiotoa utepe ni kichanga. Unaokatika kabla ya sentimita 2.5 ni tifutifu. Unaopita sentimita 5 ni mfinyanzi. Mwisho, tumbukiza bonge kavu kwenye glasi ya maji ya mvua, usilitikise. Maji yakigeuka kama chai ya maziwa na kubaki hivyo, hapo pana magadi, na mimi nisingekodi shamba hilo kwa mahindi kwa bei yoyote.

Mkono hauwezi kujua uchachu wala fosforasi. Hiyo ni kazi ya maabara, kama ile ya TARI Mlingano au Chuo Kikuu cha Sokoine. Chota udongo wa sentimita 20 za juu mahali kama 15, ukipita shambani kwa mshazari, ukiepuka vichuguu na palipolala ng'ombe. Changanya, anika kivulini, peleka nusu kilo. Luseni na mbuga kamwe visiingie mfuko mmoja: jibu litakalotoka halitauhusu udongo wowote wa shamba lako.

Majibu yakija, anza na pH. Mahindi hupenda 5.5 hadi 7. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa. Mbolea ya dukani itapotea bure kabla hujaweka chokaa. Kisha soma kaboni ya mboji pamoja na aina ya udongo: asilimia 1 kwenye kichanga ni ya kuheshimika, kwenye mfinyanzi ni umaskini. Na ukikuta gugu la kiduha limechanua katikati ya mtama, jua udongo umechoka. Dai kodi ipunguzwe, na kiasi hicho ununulie samadi.