Ukanushi Uliogeuka Nomino: Sentensi Ngumu za Kiingereza katika Habari za Siasa

Ugumu wa Kiingereza cha habari za siasa kwa kawaida huhusishwa na msamiati. Tahakiki hii inadai kwamba sentensi inayompotosha zaidi msomaji wa Kiswahili ni ile ambayo maneno yake yote anayajua.

Tutazame kura za Bunge la Uingereza za Machi 2019. Tarehe 12, wabunge waliukataa mkataba wa Theresa May wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya kwa kura 391 dhidi ya 242. Kesho yake, kwa kura 312 dhidi ya 308, wakapitisha badiliko la hoja lililokataa nchi kujitoa bila mkataba. Kwa Kiingereza, tukio hilo la pili linaenea katika maneno manne: "MPs reject no deal". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ukanushi juu ya ukanushi huzaa uyakinishi atahitimisha kuwa mkataba umekubaliwa. Jibu hilo nimelisahihisha zaidi ya mara moja.

Kosa si lake peke yake. "No deal" hapa ni kirai nomino kilichoganda, jina la hali: Uingereza kuondoka tarehe 29 Machi pasipo makubaliano. Kitenzi kimefichwa, na mtendaji pia. Kiswahili hakiruhusu maficho hayo kirahisi, kwa kuwa "bila mkataba" humfanya msomaji aulize: nani afanye nini? Ndiyo maana "Wabunge wakataa Uingereza kujitoa bila mkataba" ni ndefu, na mhariri anayehesabu herufi hutamani kuipunguza. Akiandika "Wabunge wakataa kukosa mkataba", ameturudisha kwenye kosa la mwanafunzi.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kitenzi. "Reject" huweza kufasiriwa kuwa kukataa, kupinga, na kwa mfasiri mwenye haraka, hata kuzuia. Kura ile haikuzuia chochote. Sheria ya kujitoa ya 2018 bado ilitaja tarehe ileile, na kukaa kimya kungeleta hasa kile kilichokataliwa. Msomaji wa London alikuwa amelisikia jambo hilo kwa miezi. Wa Dodoma au Mombasa huenda hakulisikia. Anayeandika "wazuia" amepotosha sheria kwa sarufi safi. Ningechagua "wapinga", kisha niongeze sentensi moja kwamba tarehe ya kuondoka haijabadilika, ingawa haimo katika matini chanzi. Wapo watakaoiita nyongeza. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya maana ya maneno yale manne.