S Inayohama: Sarufi ya Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Kituntu

"The children eats." "I did not went." "My father he is sick." Walimu wa Kiingereza wamezizoea sentensi za namna hii, na kalamu nyekundu huzihesabu kuwa makosa matatu: la umoja na wingi, la wakati uliopita na la kiwakilishi. Zikichambuliwa vizuri, kosa ni moja. Katika kila sentensi mwanafunzi ameweka alama mara mbili mahali ambapo Kiingereza kinaitaka mara moja.

Mazoea hayo yana asili. Mtoto wa Kituntu, kata iliyomo wilaya ya Karagwe, kwa kawaida huanza na Kinyambo nyumbani na kukutana na Kiswahili shuleni, kisha Kiingereza humjia kama lugha ya tatu. Mbili za kwanza ni lugha za Kibantu, na upatanisho wa kisarufi ndio uti wa mgongo wake. "Watoto wangu wawili wadogo walifika": wa- imesikika mara tano. Kinyambo kinafanya vivyo hivyo. "Abaana babiri bakagenda", na ba- inafuatana na maneno hadi kwenye kitenzi. Kiingereza kinasema "My two small children arrived", na ukiacha namba yenyewe, wingi umebaki kwenye "children" peke yake. "My", "small" na "arrived" havikuguswa.

Hata "my father he is sick" inaeleweka kwa njia hiyo. Katika "baba anaumwa", kiambishi a- hakiwezi kuachwa, ingawa baba ameshatajwa. Mwanafunzi anatafuta pa kukiweka, anakiandika "he".

Kwa hiyo zoezi linalofaa kuanzia ni lile linaloonyesha alama ikihama. Sentensi nne zinatosha kuanza, ziandikwe ubaoni zikifuatana, na bidhaa iwe ile ambayo Karagwe na wilaya jirani ya Kyerwa zinaijua:

The farmer sells coffee.
The farmers sell coffee.
Does the farmer sell coffee?
The farmer does not sell coffee.

Mwanafunzi apewe chaki ya rangi aizungushie s kila anapoiona. Katika sentensi ya kwanza iko kwenye kitenzi. Katika ya pili iko kwenye nomino, na kitenzi kimeivua. Katika ya tatu na ya nne imehamia kwenye kitenzi kisaidizi, "does", na "sell" imebaki tupu. Mwanaisimu atasema kwamba s ya wingi na s ya kitenzi ni viambishi viwili tofauti, na ni kweli. Lakini kwa anayeanza kuandika, kanuni ya "hapa au pale" inaokoa alama nyingi za mtihani, mradi aonywe mapema kwamba "children" na "men" ni wingi usio na s, na kwamba "is" na "are", "has" na "have" vina orodha yake ya kukariri.

Hatua ya pili ni wakati uliopita. "The farmer sold coffee" inageuka "Did the farmer sell coffee?" na "The farmer did not sell coffee". "Did" imebeba wakati wote, na "sell" imerudi kwenye umbo lake la kamusi. Hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia mwalimu. "Mkulima aliuza kahawa", lakini "mkulima hakuuza kahawa": -li- imeondoka, -ku- imeshika nafasi yake. Hakuna mtoto anayeziweka zote mbili katika kitenzi kimoja. Akionyeshwa kwamba "did not sold" ni sawa na kurundika -li- na -ku- pamoja, analisikia kosa kwa sikio lake mwenyewe.

Kujua kanuni ni jambo moja, kuitumia bila kufikiri ni jingine. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza Kiingereza katika shule za Tanzania, na wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu vya kutosha kusomea masomo mengine. Mradi wa msaada uliofuata, ulioanza 1987 kwa fedha za Uingereza, ulitilia mkazo usomaji wa vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Hoja hiyo bado ina nguvu: anayekutana na "did not" ikifuatiwa na kitenzi kitupu mara nyingi ndani ya hadithi anaizoea kuliko anayeijaza kwenye nafasi kumi za zoezi.

Muda wa kuzoea sasa umeongezeka. Kwa mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza 2015, somo la Kiingereza lilisubiri darasa la tatu. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa 2024, umelishusha hadi darasa la kwanza. Kwa mwalimu anayetaka kulinganisha na lugha ya nyumbani, ipo sarufi ya Kinyambo ya Josephat Rugemalira, iliyochapishwa 2005 alipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Yako makosa ambayo chaki ya rangi haiyagusi. "He" na "she" huchanganywa kwa sababu a- haibagui jinsia; hayo yanataka mazoezi ya mdomo, kwa kuwataja watu waliomo darasani. Lingine ni "he has slept" kwa maana ya "amelala". Mwanafunzi amefundishwa kwamba -me- ni "have", na "amefika" inamkubalia. Lakini vitenzi vya hali vinakataa: amelala ni "he is asleep", amechoka ni "he is tired", ameketi ni "he is sitting". Orodha yake si ndefu, na inafaa ibandikwe ukutani kabla ya somo la "have" kuanza.